Mahubiri Ambayo Kibibi Hakuyasikia

"Usiniambie ulisikia," Chiriku alisema. "Nilikuwa nimekaa ubavuni mwako. Ulikuwa unachora mikono ya gauni kwenye karatasi ya nyimbo."

"Nilikuwa nachora huku nasikiliza," Kibibi alijibu.

"Kwa sikio lipi?"

"Niache, Chiriku."

"Sikuachi. Wewe umesifiwa, mimi nimefutwa. Nikuache niende wapi?"

Walikuwa wamesimama kando ya bomba, nyuma ya darasa la katekisimu. Wenzao walikwishaondoka. Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kibibi alipewa jina lake tangu alipozaliwa, kwa ule uso wake wa mtu mzima anayefikiria mambo mazito. Tangu darasa la kwanza walikaa benchi moja na kugawana kifutio kimoja, na hawakuwahi kugombana zaidi ya nusu siku.

Leo ilikuwa tofauti, na chanzo chake ni daftari.

Wiki tano zilizopita, Padri mpya aliomba wanafunzi wanaojiandaa kwa Kipaimara wawe na daftari la mahubiri. Kila Jumatano wangejibu maswali matatu. Padri alisema nini Dominika iliyopita? Alitaka tufanye nini? Na mpaka leo unakumbuka nini? Kazi ya kusimamia alipewa katekista. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu ambaye bado alitembea na vipande vya chaki katika mfuko wa shati, na watu wote walimwita Mwalimu.

Mchana wa leo, Jumatano, Mwalimu alianza kuyakagua madaftari. Alifungua la Chiriku ukurasa wa kwanza, akausoma kwa sauti: "Padri alisema nini? Sijui. Alisoma karatasi kumi na moja. Unakumbuka nini? Nilihesabu vioo vya dirisha la kushoto. Viko arobaini na sita, na viwili vimepasuka."

Darasa lilicheka mpaka mabenchi yakatikisika. Mwalimu hakucheka.

"Unamdharau Padri?"

"Hapana, Mwalimu. Tuliulizwa tunachokumbuka."

Mwalimu alilifunga daftari lile, akachukua la Kibibi. Mwandiko ulikuwa safi, kila swali lina jibu, na kila jibu lina mfano. Alisoma ukurasa mzima akitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akamgeukia Chiriku.

"Mbona mwenzako amesikia? Kanisa ni lile lile, padri ni yule yule, benchi ni lile lile. Mmoja akisikia na mwingine asisikie, kasoro iko masikioni."

Akachukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya jina la Chiriku katika orodha ya Kipaimara. Askofu alikuja parokia ile kutoa Kipaimara mara moja kila miaka miwili. Aliyefutwa leo angesubiri miaka miwili. Kisha akatangaza kwamba daftari la Kibibi litasomwa kanisani Jumapili, mbele ya watu wote, na Kibibi mwenyewe ndiye atakayelisoma.

Kibibi alikuwa na nafasi ya kusema neno pale pale. Badala yake aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Hakufungua hata ukurasa wa pili," Chiriku aliendelea pale bombani. "Huko mbele nimeandika mengi. Lakini kwa sababu lako ni zuri, langu limekuwa matusi. Sema tu kwamba na wewe hukuelewa. Basi."

"Kwani mimi ndiye niliyekufuta? Kamlilie Mwalimu."

Chiriku alimtazama. Akachukua mkoba wake na kuondoka bila neno. Kibibi angeona nafuu kama angetukanwa.

Kwa sababu ukweli aliujua. Dominika ya kwanza alijaribu kusikiliza. Padri alianza na Injili, akahamia kwenye maana ya neno moja la Kigiriki, kutoka hapo akaingia kwa wataalamu watatu waliobishana juu ya neno hilo, na Kibibi akapotea kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Jumatano ilipokaribia hakuwa na la kuandika. Ndipo alipokumbuka sanduku lililokuwa chini ya kitanda cha dada yake.

Dada yake, ambaye sasa alikuwa shule ya bweni, alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu, na enzi za padri mzee aliandika mahubiri yake. Masomo ya Misa za Jumapili hurudi yale yale kila baada ya miaka mitatu. Dada yake alikuwa ameandika miaka mitatu iliyopita. Injili zilikuwa zile zile, moja baada ya nyingine, kama zilizopangwa kwa ajili ya Kibibi. Alinakili ya kwanza, na iliyofuata. Kufikia wiki ya tatu alikuwa hajisumbui hata kuinua kichwa Padri anapopanda mimbarini.

*

Kesho yake, Alhamisi, Kibibi aliporudi kutoka shule alimkuta mama yake kazini. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana. Siku hizo kilijaa weupe: magauni ya Kipaimara yaliyokwisha yalining'inia kwenye waya, yasiyokatwa yalikaa rafuni, kila kitambaa na karatasi ya vipimo. Mama yake alikuwa na futi shingoni na pini nne mdomoni. Aliitikia shikamoo kwa kuinua nyusi.

Kabla Kibibi hajavua viatu, Mama Chiriku aliingia. Alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, na viganja vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji.

"Mama Kibibi, nimefuata kile kitambaa."

"Bado sijakikata. Nataka nimpime tena, huyo mtoto wako anarefuka kama anayevutwa."

"Usikikate. Amefutwa."

"Amefutwa na nani?"

"Mwalimu. Eti amemdharau Padri kwenye daftari, tena akamuuliza, 'Mbona mwenzako amesikia?' Nimemuuliza, kaniambia, 'Mama, niliandika nilichosikia.' Sasa nimeshindwa kumchapa na nimeshindwa kumtetea. Tangu jana hajala wala hajasema. Nyumba nzima imekuwa kama ina mgonjwa."

Alikichukua kitambaa, akakikunja kikawa kidogo sana. Mlangoni alimwona Kibibi, akajitahidi kutabasamu.

"Nimesikia lako litasomwa kanisani. Hongera, mwanangu."

Kibibi aliinama akavua kiatu ili asimtazame.

Mama yake alisubiri mgeni apotee barabarani, kisha akanyoosha mkono. "Lete hilo daftari la kusomwa kanisani. Nami nilione."

Alisoma amesimama, huku mguu mmoja uko juu ya kanyagio la cherehani. Ukurasa wa kwanza alitabasamu, pini zikacheza mdomoni. Ukurasa wa pili aligeuza polepole. Alipofika wa tatu, tabasamu liliondoka.

"Mafundi seremala wawili," alisoma, "waliotengeneza mlango mmoja bila kusemezana, na mlango haukufunga." Akainua macho. "Mfano huu Padri mpya ameutoa lini?"

"Dominika ya tatu, mama."

"Nilikuwepo Dominika ya tatu."

"Labda... labda ulikuwa umetoka nje."

Mama yake alianza kutoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kimto cha pini. Katika nyumba ile, pini zikitoka mdomoni watu hujua mzaha umekwisha.

"Mfano huu nausikia mpaka leo, Kibibi. Niliusikia nimekaa safu ya nne, na nilikuwa nimenuniana na fundi mwenzangu wa hapo jirani miezi saba kwa sababu ya mkasi. Misa ilipokwisha sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwake tukayamaliza. Aliyeutoa ni padri mzee, na padri mzee alishahamishwa. Nenda kalete daftari la dada yako."

Kibibi alilileta. Mama yake aliyafungua yote mawili juu ya meza ya kukatia, akapitisha kidole mstari kwa mstari.

"'Leo Padri alikohoa sana,'" mama yake alisoma katika la dada. Akageukia la pili. "'Leo Padri alikohoa sana.' Hata kikohozi umekiiba?"

Kibibi hakujua acheke au alie. Alilia.

"Mama, Padri mpya haeleweki. Nilijaribu."

"Najua haeleweki. Mimi mwenyewe akifika karatasi ya nne huanza kukata vitambaa kichwani."

"Sasa kosa langu ni nini? Sote hatusikii."

"Mimi hakuna aliyeniuliza. Wewe uliulizwa, ukajibu uongo, na uongo wako umetumika kumpiga mtoto wa mwenzio. Mwalimu alimuuliza Chiriku, 'Mbona mwenzako amesikia?' Sivyo? Mwenzake huyo hakusikia chochote." Mama yake alivuta kiti, akakaa. "Orodha inakwenda lini kwa Askofu?"

"Kesho asubuhi saa mbili."

"Na Mwalimu yuko wapi sasa?"

"Ofisini, na Padri. Wanaipiga mihuri."

Mama yake alichukua gauni lililokuwa na pindo nusu, akaliingiza chini ya sindano.

Kibibi alisimama katikati ya chumba. Akanyamaza leo, Jumapili angesimama mbele ya kanisa asome maneno ambayo Padri hakuyasema, na Padri mwenyewe ameketi nyuma yake anasikia. Mama Chiriku angekuwa safu ya pili, viganja vimekunjamana, anampigia makofi. Na Chiriku angekuwa wapi? Kwa mara ya kwanza tangu amjue, hakuweza kukisia Chiriku angesema nini.

"Utanisindikiza?" aliuliza.

"Kazi imenifika shingoni. Tena si mimi niliyeandika."

Kibibi alijifuta uso kwa mkono wa sare, akayakwapua madaftari yote mawili, akatoka.

*

Ofisi ya parokia ilikuwa chumba chembamba chenye meza moja, kabati la chuma na viti vitatu visivyofanana. Mwalimu alikuwa akipuliza wino wa muhuri ukauke. Padri alikuwa upande wa pili wa meza, amezungukwa na karatasi za mahubiri ya Jumapili ijayo, miwani imeshuka puani. Kwa karibu alionekana kijana zaidi, na amechoka.

"Tumsifu Yesu Kristo," Kibibi alisema.

"Milele na milele, amina," waliitikia wote wawili. Mwalimu akaongeza kwa furaha, "Padri, ndiye huyu. Yule wa daftari."

Kibibi aliona asipoanza sasa hivi hataanza tena.

"Si langu," alisema. "Maneno ni ya dada yangu. Aliyaandika wakati wa padri mzee. Mimi nilinakili tu, mahubiri yote matano. Sikusikiliza. Chiriku alisema kweli, nami nilijua anasema kweli nikanyamaza."

Mwalimu aliweka muhuri chini. "Unasema nini wewe mtoto? Nimekusifu mbele ya darasa zima."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nimemwambia Askofu msaidizi kwenye simu."

"Samahani, Mwalimu."

Padri alinyoosha mkono akapokea madaftari. Alisoma la dada kwa muda mrefu, akirudi nyuma na kwenda mbele. Alipofika kwa mafundi seremala alisimama.

"Mfano mzuri," alisema taratibu. "Natamani ningeutoa mimi." Kisha, "Na la huyo Chiriku liko wapi?"

"Halifai, Padri. Ni dharau tupu."

"Naliomba hivyo hivyo, Mwalimu."

Mwalimu alilitoa kabatini kwa vidole viwili. Padri alisoma ukurasa wa kwanza, ule wa vioo. Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Akasoma wa pili. Kwenye wa tatu alianza kusoma kwa sauti.

"'Dominika ya tatu umeme ulikatika, kukawa na giza la mvua. Padri hakuweza kusoma karatasi zake. Alishuka akasimama katikati ya mabenchi. Akauliza, nani hapa ana ndugu ambaye hajasema naye mwaka mzima? Akanyamaza. Kisha akasema na yeye anaye. Alitaka tufanye nini? Alisema tusingoje wao waanze. Unakumbuka nini? Nakumbuka yote. Mama alilia. Tulipofika nyumbani alimpigia simu shangazi, wakaongea mpaka salio likaisha.'"

Padri aliliweka daftari mezani kana kwamba lingevunjika.

"Siku ile nilidhani nimeaibika," alisema. "Nilikuwa nimeandaa kurasa tisa. Nilisema maneno ya dakika nane, nikarudi nyumbani nikajifungia. Nilitaka Dominika iliyofuata niombe radhi." Akamgeukia Kibibi. "Wewe hukumbuki siku hiyo?"

Kibibi alishangaa, kwa sababu aliikumbuka. Aliikumbuka mvua juu ya bati, na sauti ya Padri isiyo na kipaza sauti, na jinsi penseli yake ilivyosimama yenyewe.

"Nakumbuka, Padri."

"Mbona hukuandika?"

"Niliona ya dada yangu ni nzuri zaidi."

Padri alicheka kidogo, cheko lisilo na raha, kisha akamwambia Mwalimu, "Niliyaomba madaftari haya nijue watu wanatoka kanisani na nini mkononi. Sikuomba nisifiwe."

Mwalimu alitazama orodha yake, mihuri yake, na ule mstari mwekundu alioupiga kwa rula ili unyooke. Alikuwa mzee, na kumeza kosa mbele ya mtoto si kazi ndogo.

"Nimezoea mitihani," alisema mwishowe. "Nikaufanya huu nao mtihani." Alichukua karatasi mpya, akaanza kuandika orodha upya tangu jina la kwanza, kwa sababu hakutaka jina la Chiriku liende kwa Askofu lina kovu. Alipomaliza aligonga muhuri, akasimama, akavaa kofia. "Nakwenda kwao. Sitangoja Jumatano."

"Na mimi, Mwalimu?" Kibibi aliuliza. "Jina langu umeliandika?"

Mwalimu alisita mlangoni, akamtazama Padri.

"Orodha inaondoka kesho saa mbili," Padri alisema. "Daftari lako ni tupu, Kibibi. Hapo una kiti na kalamu. Andika Dominika zote tano kwa kichwa chako mwenyewe. Pale usipokumbuka, andika hukumbuki, na kwa nini. Ukimaliza, Mwalimu ataongeza jina lako. Na Jumatano utasimama mbele ya wenzako uwaambie ulichotuambia sisi. Unakubali?"

"Nakubali."

"Basi nisikilize, dakika moja tu, sitatoa karatasi." Aliegemea meza. "Mama yako ni fundi. Mteja akivaa gauni linalombana kwapani, halafu akasema limemkaa vizuri, mama yako atafanya nini? Atamshonea la pili linalobana vile vile. Mahubiri nayo ni hivyo. Siyajui kama ni mazuri kwa kuyatazama kwenye karatasi. Nayajua kwa mtu aliyetoka nayo akafika nyumbani akafanya kitu. Kama hakuna aliyefanya kitu, nahitaji mtu wa kuniambia, hata kama ataniumiza. Ukweli wa Chiriku umeniuma, na utanisaidia. Uongo wako ulikuwa unanibembeleza, na Chiriku ndiye aliyeumia. Ukiulizwa ulichosikia, sema ulichosikia. Hata kama ni 'sikusikia'."

"Ndiyo, Padri."

Mwalimu alitoka. Kupitia dirishani Kibibi alimwona akikata kona ya lango kwa hatua ndefu za mtu anayeogopa kubadili mawazo njiani.

Padri alirudi upande wake wa meza. Aliyakusanya mahubiri yake ya Jumapili, akayahesabu: kurasa kumi na mbili. Alisoma wa kwanza akiwa amekunja uso, akaupiga mstari kutoka juu mpaka chini. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alizungushia sentensi moja, kurasa zilizobaki akazifungia kwenye droo.

Kibibi alifungua ukurasa mpya, akachora pambizo. Dominika ya kwanza hakuwa nayo, wala ya pili. Akaanza na ya tatu.